Mtu wa Kumwuliza Baba

Kwetu hakuna mtu anayezungumza na baba. Msinielewe vibaya: shikamoo tunampa, chakula tunampelekea, akiugua tunakimbia naye hospitali. Lakini neno zito, neno lenye mfupa ndani, hilo tunamtuma mtu. Mama alipokuwa hai, yeye ndiye aliyekuwa posta yetu. Unataka ruhusa ya safari, mwambie mama. Umefeli hesabu, mwambie mama. Baba naye akiwa na lake alilipitisha mlango huohuo, hata kama nimekaa hatua tatu kutoka alipo. "Mwambie mwanao viatu vyake vimelika upande mmoja, anatembea vibaya." Namsikia kwa masikio yangu mawili, lakini nangoja mama aje aniambie.

Mama alipofariki, kazi hiyo akairithi jirani, nesi mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Mama Bandeji. Ndoa yangu ilipovunjika, nilimtuma yeye akamweleze baba. Alirudi akaniambia baba amesema, mwambie chumba chake bado kipo. Basi. Hayo ndiyo mazungumzo yote niliyofanya na baba yangu kuhusu miaka kumi na moja ya ndoa, na hata hayo aliyafanya Mama Bandeji.

Baba ni fundi viatu. Mtaani anaitwa Mzee Soli. Anafanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yake, kwenye benchi fupi alilolikalia mpaka ubao umechimbika, nyuma yake rafu ya kalibu za mbao, miguu ya watu wa kila saizi imepangwa kama wageni waliogoma kuondoka. Ukiingia anakutazama chini kwanza, usoni baadaye. Ana miaka sabini na tatu, na kisukari anacho mwaka wa kumi na nne, akikitibu kwa vidonge siku akikumbuka na kwa kiburi siku nyingine zote.

Mimi ni msusi. Nina saluni ya viti vitatu nyuma ya soko, dakika arobaini kutoka kwa baba. Kaka yangu mkubwa yuko mji mwingine, ana duka la vifaa vya ujenzi, na ana maoni. Kaka hajawahi kukosa maoni.

Kidonda kilianza kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Baba alikificha kwenye soksi miezi miwili. Mama Bandeji alipokiona alikuwa amekwenda kuchukua viatu vyake, na hakutoka mle ndani mpaka baba alipokubali kupelekwa hospitali. Daktari, kijana mpole mwenye macho ya kukosa usingizi, alitueleza bila kuzunguka: vidole viwili vitolewe sasa, mguu ubaki. Tukichelewa, atatoa mguu. Dawa ingeshikilia wiki kadhaa, lakini dawa si ukuta. Baba akasema amesikia, akavaa kiatu taratibu, akarudi kwenye benchi lake. Jioni akamtuma Mama Bandeji kwetu: fundi viatu asiye na vidole ni tangazo baya, hakatwi mtu hapa.

Tukafanya tulivyozoea, tukatuma watu. Kaka alipiga simu kwa Mama Bandeji, akataka aiweke kwenye spika, akamhubiria baba dakika ishirini. Akamalizia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mama Bandeji akamkumbusha kwamba mkuu ni huyo anayemhubiria. Tukamtuma fundi mwenzake wa zamani. Wakaishia kubishana juu ya gundi. Tukamtuma mtu wa dini, baba akamshonea mkoba uliokatika na kumshukuru kwa kuja. Kila aliyekwenda alirudi na ujumbe uleule: mwambie nimesikia.

Habari za mshauri nilizipata kitini pangu. Mteja mmoja, nikiwa namfumua rasta, aliniambia mumewe ameacha sigara baada ya miaka ishirini, na aliyemwachisha ni mshauri wa mtandaoni. Nikamwuliza kama alimtisha kwa picha za mapafu. Akasema wala. Hamwambii kitu, anamwuliza tu. Nikacheka. Nikasema huo ni wizi mtupu, mimi nauliza watu maswali siku nzima na sijamwachisha mtu hata kucha za kubandika. Lakini usiku ule ule, nimelala chali na simu usoni, nikaanza kutafuta.

Jamani, huko kuna watu. Kuna ukurasa mzima wa picha za washauri, kila mmoja ameinamisha kichwa kidogo kama anayesikiliza. Wa kwanza niliyempata alinieleza maisha yake na vyeti vyake mpaka muda wa majaribio ukaisha, hajajua hata mgonjwa ni nani. Wa pili aliniahidi baba atabadilika ndani ya vikao vitatu, uhakika kabisa. Huyo nilimkatia simu. Mimi mwenyewe nauza mafuta ya kukuza nywele, najua uhakika unavyotengenezwa.

Wa tatu alikuwa mwanamke wa makamo, nywele amezibana hovyo hata mkono wangu ukawasha. Kwenye maelezo yake aliandika kwamba anatumia mahojiano ya kuamsha nia. Nikamwuliza ndiyo mdudu gani. Akasema ni namna ya kuzungumza na mtu aliyesimama njia panda, nusu anataka na nusu hataki. Yeye hamsukumi wala hamvuti. Anamwuliza, anamrudishia anachosikia, mpaka mtu ajisikie mwenyewe akisema sababu zake. Ukimsukuma mtu wa namna hiyo, alisema, unamlazimisha atetee upande anaotaka kuuacha.

"Kwa hiyo utamwambia akubali kukatwa vidole?"

"Hapana. Nitamwuliza."

"Sasa mimi nakulipia nini?"

Hakukasirika. Akaniuliza kama mimi nimewahi kumwuliza baba anaogopa nini. Nikamwambia kwetu hatuko hivyo. Akasema sawa, bado ni vizuri kujaribu. Nikaona ananichelewesha, nikachagua Jumanne saa tisa alasiri, kwa sababu Jumanne saluni hulala.

Baba hajui simu ya kupangusa, na ya Mama Bandeji ni ya vitufe tu, haionyeshi sura. Ikabidi niwe nakwenda mwenyewe. Jumanne ya kwanza nilifunga kiti changu saa saba, nikafika na chakula, nikaegemeza simu kwenye kalibu mbili juu ya benchi, nikamwambia kuna mtu anataka kumwuliza hali. Mshauri akampa shikamoo, baba akaitikia marahaba na papo hapo akamwuliza amevaa viatu gani. Mshauri akaomba nitoke, mazungumzo ni ya mzee. Nikatoka. Nikaketi kwenye kigoda nyuma ya mlango, na kwa kuwa baba masikio yake yamechoka na simu ilikuwa sauti ya mwisho, nilisikia yote mpaka mtu akimeza mate. Ndiyo, nilisikiliza. Nani asingesikiliza?

Walizungumza viatu. Nusu saa nzima, viatu! Nilikuwa nauma shela yangu kwa hasira. Kisha yule mama akamwuliza, taratibu kabisa, mguu huu umemfanyia nini maishani. Baba akaanza kueleza jinsi anavyobana kiatu katikati ya miguu akishona, jinsi mguu wa kushoto ndio unaojua nguvu ya kushika. Sikuwahi kujua kama baba ana maneno mengi hivyo. Mshauri akasema, "Kwa hiyo huu si mguu tu, ni chombo chako cha kazi." Baba akacheka. Akasema huyu mama anasikia.

Mwishoni akamwuliza: kutoka sifuri mpaka kumi, yuko tayari kiasi gani kutolewa vidole?

"Mbili," baba akasema.

"Kwa nini mbili, mzee, isiwe sifuri?"

"Sifuri ni ya mtu mwenye kichwa kigumu."

Nilimpigia kaka nikampa taarifa. Akafoka, mbili kwa kumi, huu ni mtihani gani? Nikamwambia atulie, ndivyo njia yake ilivyo. Nilishaanza kuwa mtaalamu.

Wiki ya pili baba akasema tatu, nikapiga makofi ya kimyakimya nyuma ya mlango. Wiki ya tatu, tatu. Wiki ya nne, tatu. Wiki ya tano akarudi mbili. Hapo nikampigia mshauri nikamwaga yote. Nikamwambia kidonda hakijui maswali, baba anaoza huku yeye anamwuliza habari za kushona. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Akasema hata yeye ana wasiwasi, kila wiki anamkumbusha alichosema daktari, na baba anakijua kuliko sisi. Aliyoyasema mzee ni ya mzee, hawezi kunipa. Ila anaona kuna kitu baba hajakiweka mezani, na pengine kinahitaji kuulizwa na mtu mwingine.

"Mtu gani?" nikamwuliza.

"Wewe umemwuliza?"

Nikamwambia ningeweza kumwuliza mwenyewe nisingemtafuta yeye. Nikakata.

Sasa nieleze hizo Jumanne zilivyokuwa, maana nilizitazama na sikuziona. Nikifika nilimkuta baba ameoga, amenyoa, amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi. Nikajua ni heshima kwa mshauri. Benchi limesafishwa. Ameazima kiti cha Mama Bandeji, kile chenye mto, kwa ajili yangu. Kikao kikiisha aliuliza kama nitakula kabla ya kuondoka; nikisema nina haraka, alikumbuka kwamba ana kiatu cha mteja wangu cha kunipa, na kiatu chenyewe bado hakijakauka gundi, kwa hiyo ningoje kidogo. Wiki ya nne nilimkata kucha za mikono. Wiki ya sita nilimpunguza nywele, akafumba macho, akaniuliza kama saluni maji yanatoka siku hizi. Hatukuugusa mguu hata siku moja. Ulikuwa pale chini umefungwa bandeji, na sisi tunazungumza maji.

Wiki ya saba kulikuwa na harufu. Mama Bandeji alinivuta pembeni akasema weusi umevuka vidole, umepanda. Alimbembeleza baba waende hospitali siku hiyohiyo, baba akasema wangoje mpaka Jumanne ijayo amsikie yule mama kwanza. Nikaamini. Nikasema kumbe mshauri anafanya kazi, angalau kuna mtu anayetaka kumsikia. Mjinga mimi.

Jumanne ya nane mshauri hakuzunguka. Alimwomba ruhusa aseme jambo gumu, baba akampa. Akamwambia anaogopa kwamba muda wa kuchagua unakwisha. Kisha akamwuliza swali ambalo hakuwa amemwuliza.

"Mzee, ukifika kumi, utapoteza nini? Mbali na vidole."

Nikainuka nusu kigodani.

"Nikifika kumi, wewe kazi yako imekwisha," akasema. "Na wewe ukiisha, huyu binti hana tena cha kumleta Jumanne."

"Kidonda ndicho kinachomleta."

"Ndicho. Mimi vidole nilishavitoa moyoni tangu wiki ile ya pili. Vidole vyenyewe vya nini? Nikasema nivute kidogo. Ngozi ukiivuta polepole haikatiki."

Sijui niliufunguaje mlango. Ninachokumbuka ni uso wa mshauri ndani ya simu, mkono ameuweka mdomoni, na baba ananitazama miguu kwanza, kama kawaida yake. Nakiri, hasira ilitangulia huruma. Miezi miwili! Miezi miwili nimefunga kiti changu, nimegombana na kaka, nimegombana na huyu mwanamke asiyejua kubana nywele, kumbe mtu alishakubali anakaa anaoza kwa makusudi.

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulimtuma huyu."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama anayetaja saizi ya kiatu. Na mimi, niliyekuwa na maneno ya kila mtu anayeketi kwenye kiti changu, wajane, wachumba, wanaodaiwa talaka, sikupata hata moja la kumpa baba yangu. Nilichukua simu, nikamwambia mshauri samahani, nikaizima. Nikaenda kuita gari.

Hospitali daktari yuleyule alifunua bandeji, akaifunika. Hakutugombeza, na ningemshukuru kama angetugombeza. Akasema vidole vilikuwa vya mwezi uliopita. Sasa ni juu ya goti, na ni kesho asubuhi. Baba akatia dole gumba lake kwenye karatasi ingawa anajua kuandika. Mkono wake haukushika kalamu. Kesho yake alipotoka chumba cha upasuaji, dawa za usingizi bado ziko kichwani, aliniambia kuanzia leo atatoza nusu, maana fundi mwenyewe amebaki nusu. Nesi akacheka. Mimi nilikwenda kusimama chooni.

Kaka alikuja siku tatu. Alileta kiti cha magurudumu na akanisifu mbele ya watu wote waliokuja kumjulia baba hali. Dada yangu amehangaika, alisema, amemtafutia mzee mpaka mtaalamu wa mtandaoni, bila yeye tungemzika mzee huyu kwa ukaidi wake. Watu wakaniitikia kwa vichwa. Baba alikuwa pale kitandani, anasikia. Alinitazama mara moja, akageuza uso ukutani. Na mimi nikasema asante kaka. Ningeweza kusema mengine. Nilisema asante.

Mwezi wa kwanza nilikwenda kila Jumanne, tena bila kisingizio. Tulikaa. Ajabu ya mambo, hatukuwa na la kusema. Simu haikuwepo pale kwenye benchi, mguu haukuwepo wa kukwepa kuutaja, na sisi wawili hatujui njia. Aliniuliza maji. Nikamjibu maji. Siku moja nilimwuliza, nimejikaza kweli, kama anaumia. Akajibu, "Mwambie Mama Bandeji dawa zimebaki mbili." Mimi ndiye niliyekuwa mbele yake.

Mwezi wa pili bibi harusi mmoja alitaka kusukwa Jumanne, nikakubali. Jumanne iliyofuata msichana wangu mmoja aliugua. Iliyofuata hakukuwa na sababu. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikatazama barabara mpaka saa kumi na mbili.

Siku hiyo nikampigia mshauri, nikamwambia nataka kumlipia baba vikao vingine. Akaniuliza vya nini, maana uamuzi ulishafanyika na mguu ulishaondoka. Nikasema vya kumwuliza hali tu. Azungumze naye viatu, azungumze naye chochote, baba anampenda. Mama Bandeji atamshikia simu.

"Na wewe utakuwa wapi?" akauliza.

Nikamwambia nina kazi. Kwenye simu nilimsikia anavuta pumzi ya kusema jambo, kisha akaliacha. Nadhani ndivyo walivyofundishwa. Akasema atampigia mara moja, na kama mzee mwenyewe anataka, wataendelea.

Alimpigia Jumanne iliyopita. Jioni, Mama Bandeji akaniunganishia baba, jambo ambalo halijawahi kutokea maishani mwangu, baba kwenye simu anazungumza na mimi moja kwa moja. Sauti yake ilikuwa juu, kama ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. Akasema yule mama amempigia, wamezungumza vizuri, amemwuliza mambo mengi. Akakohoa. Akasema, "Usimtoe huyu, mwanangu. Kama wewe huwezi, huyu asitoke."

Nikamwambia sitamtoa. Akashukuru. Baba yangu alinishukuru. Nikaweka simu chini, kulikuwa na mteja kitini ameloanisha nywele, nikachukua kitana. Na nilichokisikia kifuani si aibu, wala si huzuni, ningejidanganya nikisema hivyo. Nilisikia nafuu. Nilichana kichwa cha yule mwanamke mpaka akaniambia namwumiza.